Maeyken Wens, Mke wa Mwashi

Katika nchi ya Ubelgiji, kando ya mto Scheldt, uko mji mkubwa uitwao Antwerp. Mto ule ni mpana tena una kina kirefu, hata merikebu za bahari huupanda mpaka zikatia nanga mbele ya mji. Zamani, yapata miaka 450 iliyopita, Antwerp ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya biashara katika Ulaya yote, na watu wapata 100,000 walikaa humo. Huko zililetwa nguo za sufu kutoka Uingereza, na fedha na shaba kutoka Ujerumani; na kwa muda wa miaka mingi Wareno walileta pilipili ya Bara Hindi, iliyochukuliwa na merikebu zilizozunguka Afrika. Matajiri walijijengea nyumba za mawe zenye ghorofa juu ya ghorofa, na katika mwaka wa 1565 likamalizika jumba kubwa la baraza la mji, kwenye uwanja wa soko.

Palipo na ujenzi mwingi, waashi hawakosi kazi. Miongoni mwa waashi wa mji ule alikuwako mtu jina lake Mattheus Wens, na mkewe aliitwa Maeyken. Hawakuwa watu wakubwa wa mji. Walikuwa na watoto. Mwana wao wa kwanza aliitwa Adriaen, na mdogo wa wote aliitwa Hans Mattheus. Kama Maeyken angalikufa kitandani pake kwa uzee, huenda hata mtu mmoja leo asingalijua ya kuwa mama huyo alipata kuishi duniani.

Walakini nyumba ile ilikuwa na jambo lililofichwa. Mattheus alikuwa mwashi, ashikaye mwiko na chokaa kama waashi wengine. Lakini pia alikuwa mhudumu wa kanisa lisilokuwa na jengo, wala mnara, wala kengele. Watu wa kanisa hilo walikutana kwa siri, mara katika nyumba ya huyu, mara katika nyumba ya yule, na pengine mashambani nje ya mji. Walifanya hivyo kwa sababu mkutano wao ulikatazwa na sheria, na adhabu yake ilikuwa kifo. Mkewe alijua haya yote, naye alikuwa wa imani ile ile.

Watu hao walikuwa watu gani? Siku zile, katika nchi zote za Ulaya ya Magharibi, kila mtoto aliyezaliwa na Wakristo ilimpasa kubatizwa mara baada ya kuzaliwa. Kanisa na serikali vilikuwa pamoja kama chanda na pete. Mtu aliyezaliwa katika nchi alihesabiwa papo hapo kuwa mtu wa mfalme na mtu wa kanisa la mfalme. Basi katika mwezi wa Januari, mwaka wa 1525, watu wachache walikutana katika nyumba moja mjini Zurich, nchi ya Uswisi. Walikuwa wamesoma sana Agano Jipya, wakaona ya kuwa ubatizo ni wa mtu aliyekwisha fahamu na kuamini mwenyewe. Wakabatizana. Adui zao wakawaita Waanabaptisti, maana yake, watu wabatizao mara ya pili. Wenyewe hawakulipenda jina hilo, kwa kuwa walisema ubatizo wa kwanza, aliopewa mtoto asiyejua neno, haukuwa ubatizo.

Nao walifundisha na mambo mengine. Walisema imani haiwezi kuingizwa moyoni mwa mtu kwa upanga. Walisema mfuasi wa Kristo haui mtu, wala hata adui yake. Walikataa kuapa, maana Bwana aliwaambia wanafunzi wake, ndiyo yao iwe ndiyo, na siyo yao iwe siyo. Tena walisaidiana kwa mali, asiwepo ndugu mwenye kulala njaa huku mwenziwe ameshiba.

Watu wengi wakisikia maneno haya sasa hawaoni neno la kuogopesha ndani yake. Lakini wakubwa wa siku zile waliogopa. Waliulizana, “Mtu asiyekubali kuapa, tutajuaje kwamba atatutii? Na wote wakikataa kushika silaha, ni nani atakayeilinda nchi?” Tena lilitokea jambo lililowapa adui zao neno la kusema. Katika miaka ya 1534 na 1535 kundi la Waanabaptisti waliokwenda kombo na mafundisho ya kwanza waliutwaa mji wa Münster, katika Ujerumani, kwa nguvu za silaha, wakautawala kwa ukali, wakamwaga damu. Tangu hapo kila Mwanaabaptisti alidhaniwa kuwa mwasi, ijapokuwa hana hata kisu. Ndipo padre mmoja wa nchi ya Friesland, jina lake Menno Simons, alipoacha upadre wake mwaka wa 1536, akawakusanya wale waliotawanyika, akawafundisha kwa maneno na kwa vitabu kwamba watu wa Mungu ni watu wa amani. Kwa jina lake wafuasi wake wakaitwa Wamennonite. Hao ndio waliokuwa ndugu za Mattheus na Maeyken.

Si kanisa moja tu lililowatesa. Mji wa Zurich ulikuwa umekwisha kutengana na Papa wa Roma, na hata hivyo ulimzamisha Felix Manz katika mto Limmat tarehe 5 Januari 1527, kwa sababu ya ubatizo. Wakatoliki waliwaua, na Waprotestanti waliwaua. Kila upande ulidhani unamtumikia Mungu.

Antwerp na nchi zilizouzunguka zilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Katika mwaka wa 1550 Kaisari Charles wa Tano alitoa amri kali mno. Mtu yeyote aliyeonekana na vitabu vilivyokatazwa, au aliyehudhuria mikutano ya siri, au aliyewakaribisha wazushi nyumbani mwake, alistahili kufa. Waliotubu, mwanamume auawe kwa upanga, na mwanamke azikwe hai; wasiotubu, wachomwe moto. Mtu aliyewasaliti wengine alipewa sehemu ya mali zao. Mwanawe, Mfalme Philip wa Pili, aliithibitisha amri hiyo; na mwaka wa 1567 alimtuma jemadari wake, Alva, pamoja na jeshi kubwa, awanyenyekeze watu wa nchi ile. Alva akaweka baraza la kuhukumu maasi na uzushi. Baraza hilo liliwaua watu zaidi ya 1,000, na wenyeji wakaliita Baraza la Damu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwezi wa Aprili, mwaka wa 1573, Maeyken alipokamatwa pamoja na wenzake wengine wa imani yake. Walifungwa, wakatiwa katika gereza lililokuwa kali kuliko yote mjini. Mumewe hakukamatwa. Adriaen alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, na Hans Mattheus alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi.

Katika kesi za namna hii mahakimu walikuwa na desturi ya kuuliza maswali yale yale: “Nani aliyekubatiza? Mlikutana wapi? Wenzako ni nani?” Tena waliotafutwa sana kuliko wote walikuwa wahudumu. Kila mfungwa alijua kwamba jina moja likimtoka kinywani, mtu mwingine atafungwa pingu usiku ule ule. Waswahili husema, ulimi hauna mfupa; ni chombo laini, chepesi kuteleza. Lakini gerezani uhai wa watu wengi ulikuwa juu ya ulimi wa mmoja.

Maeyken alikaa kifungoni miezi sita. Wakaja watu wa dini kumshawishi, wakaja na watu wa serikali, kila mmoja kwa njia yake. Yaliposhindikana maneno, waliutesa mwili wake. Hakuikana imani yake. Wala asidhani mtu kwamba alikuwa mwanamke mwenye moyo wa jiwe, asiyesikia uchungu. Humo gerezani aliandika barua kadha, na barua zile zimehifadhiwa mpaka leo. Katika hizo moyo wake waonekana wazi. Alimwandikia mumewe ya kuwa kifungo kilikuwa kigumu, kwa kuwa waliomfunga ni watu wakali; lakini kutengana naye na watoto kulikuwa kugumu kupita yote, na hakudhani hapo kwanza kwamba kungemwelemea vile. Akamsihi amwombee kwa Mungu, apate kuondolewa vita vile vya ndani. Tena katika barua zake alikiri neno ambalo watu wengi hulificha: ya kwamba kuwa Mkristo ni jambo jepesi wakati mwili haujajaribiwa na wala hakuna kitu cha kuachwa.

Hapo ndipo ulipo ushujaa wake. Mtu asiyeogopa hana sifa kwa kutokimbia. Mwenye sifa ni yule aogopaye, naye akasimama. Waswahili husema pia, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Maeyken aliujua uchungu huo, akautaja kwa jina lake, wala hakujifanya kuwa hauko.

Tarehe 5 Oktoba 1573 aliletwa mbele ya baraza, hukumu ikasomwa hadharani. Maeyken Wens, pamoja na wenzake kadha, achomwe moto mpaka awe majivu, kama mzushi. Tena ulimi wake ufungwe kwa parafujo ya chuma.

Yafaa kueleza sababu ya chuma hicho. Hapo kwanza, Waanabaptisti walipopelekwa kuuawa, walisema na watu njiani. Wengine waliimba, wengine waliomba kwa sauti kuu, wengine waliwasamehe wauaji wao mbele ya watu wote. Watu waliokuja kutazama mzushi akiadhibiwa walirudi nyumbani wakiwa kimya, wakijiuliza kama kweli huyu alikuwa mtu mbaya. Wakubwa wakaona ya kuwa kila moto waliouwasha uliwavuta watu wengine kuitafuta imani ile. Basi wakatafuta njia za kuwanyamazisha. Mjini Antwerp wafungwa wengine walizamishwa majini usiku, ndani ya gereza, asipatikane wa kuona. Na wale waliouawa uwanjani walitiwa ulimi katika kibano cha chuma, kikakazwa kwa parafujo, wasiweze kutamka neno. Serikali iliyokuwa na majeshi, na mizinga, na merikebu, iliuogopa ulimi wa mke wa mwashi.

Siku ile ile ya hukumu, Maeyken alimwandikia mwanawe Adriaen. Alijua ya kuwa hatamwona tena. Barua hiyo haina maneno ya kuwalaani mahakimu, wala haimwambii kijana alipe kisasi. Alimwambia amche Mungu tangu ujana wake, nao watakutana tena katika Yerusalemu mpya, mahali pasipo kuachana. Alimwomba amtendee mema baba yake aliyejaa huzuni, asimsikitishe siku zote za maisha yake. Akaeleza kwamba neno analomwambia mkubwa, analisema kwa mdogo vile vile. Aliwaagiza watoto wapendane. Na kama baba yao naye ataondolewa kwao, basi watunzane wao kwa wao. Kisha akamwomba jambo moja dogo, la kimama kabisa: ampakate Hans mdogo mara kwa mara, kwa niaba yake yeye mama yake.

Hata kesho yake, tarehe 6 Oktoba, wakatolewa gerezani, Maeyken na wenzake, ndimi zao zimefungwa, wakapelekwa kwenye uwanja wa soko. Nguzo zilikuwa zimekwisha kusimikwa. Kila mmoja akafungwa kwenye nguzo yake.

Adriaen hakuweza kukaa nyumbani. Akamchukua ndugu yake mdogo mikononi, kama alivyoagizwa, akaenda naye mpaka uwanjani. Akapanda juu ya benchi, si mbali na nguzo zile, apate kumwona mama yake mara ya mwisho. Lakini mama alipoletwa na kusimamishwa penye nguzo, kijana akazimia. Akaanguka chini, akalala hapo asijue neno, mpaka yote yalipokwisha.

Alipozindukana, watu walikuwa wamekwenda zao. Moto ulikuwa umezimika. Adriaen akaenda mpaka pale mama yake alipochomwa, akaanza kupekua majivu kwa mikono yake. Hakukuta kaburi, wala mwili wa kuzikwa. Akakuta parafujo ya chuma, ile iliyofunga ulimi wa mama yake. Maana chuma hakikuungua. Akaiokota, akaichukua, akaitunza iwe ukumbusho wake.

Habari hii ikisomwa, kuna swali ambalo msomaji mwenye akili ataliuliza. Kwa nini mama huyu hakusema neno lile moja walilolitaka, akarudi kwa watoto wake? Mwenye nguvu mpishe, husema watu wenye busara. Na yule mtoto wa miaka mitatu alimhitaji mama kuliko alivyohitaji mafundisho juu ya ubatizo. Swali hilo si la upumbavu, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Majirani wa Maeyken bila shaka waliliuliza. Na barua zake zaonyesha kwamba vita vile vya ndani alivipigana yeye mwenyewe.

Kwanza, neno lile halikuwa na hakika ya kumwokoa. Wako waliokana wakasamehewa, na wako waliokana wakauawa vile vile, ila kwa kifo cha namna nyingine, kama ilivyosema amri ya mwaka wa 1550. Lakini Maeyken hakupima jambo hili kama mchuuzi apimavyo faida na hasara. Kwake yeye kukana kulikuwa ni kusema uongo mbele ya Mungu, na kuwafundisha watoto wake kwamba kweli ni kitu cha kuuzwa bei ikipanda. Hakuwaacha watoto kwa kuwa hakuwapenda. Aliona ya kuwa mali aliyonayo ya kuwaachia ni moja tu, nayo ni moyo usiogawanyika. Na mali hiyo asingeweza kuwaachia bila kuilipia mwenyewe. Mtu aweza kukosana naye juu ya ubatizo, kama Wakristo wengi wasivyokubaliana juu yake hata leo. Lakini hawezi kusema ya kuwa alifanya jambo jepesi.

Tena yafaa kuona jambo alilolikataa. Hakukataa kutawaliwa. Watu wake walifundisha kwamba wenye mamlaka wapewe heshima na kodi. Alichokataa ni kumpa mtawala ufunguo wa chumba cha ndani kabisa, yaani dhamiri, ambamo mtu yuko peke yake na Mungu. Katika karne ile karibu watawala wote waliudai ufunguo huo. Kama leo nchi nyingi zina sheria kwamba mtu asilazimishwe katika dini, watu kama mke wa mwashi wa Antwerp ni miongoni mwa waliolipa bei yake.

Mambo ya nchi yalibadilika upesi. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule wa 1573 Alva aliondoka, kazi yake haikufaulu. Mwaka wa 1576 askari wa Hispania wenyewe, waliokuwa hawajalipwa mishahara yao, waliuvamia mji wa Antwerp, wakaua maelfu ya watu na kuliteketeza jumba lile zuri la baraza. Mwaka wa 1577 William wa Orange, aliyewaongoza Waholanzi katika vita vya kujitoa chini ya Hispania, aliwaambia wakubwa wa mji wa Middelburg wasiwasumbue Wamennonite kwa sababu ya kukataa kuapa. Nao Antwerp ulipotwaliwa tena na Hispania mwaka wa 1585, watu maelfu kwa maelfu, wa dini mbalimbali, waliuhama wakaenda kaskazini, katika nchi ya Uholanzi. Yule wa mwisho kuuawa katika nchi zile kwa ajili ya imani ya Kianabaptisti alikuwa mtumishi wa nyumbani, Anneken van den Hove, aliyezikwa hai karibu na Brussels mwaka wa 1597.

Jina la Maeyken halikupotea. Katika mwaka wa 1660 mhubiri mmoja wa mji wa Dordrecht, Thieleman van Braght, alipiga chapa kitabu kikubwa cha habari za mashahidi, kiitwacho Kioo cha Mashahidi. Humo aliziweka barua za Maeyken pamoja na habari ya kifo chake, akaandika kwamba hata siku zake yeye walikuwako wazao wake kadha waliopewa jina lake, Maeyken Wens. Wanawake ni karibu theluthi moja ya mashahidi wa siku zile waliotajwa katika kitabu hicho. Mmojawapo ni Elisabeth Dirks, aliyezamishwa majini katika mji wa Leeuwarden mwaka wa 1549, ambaye wale waliomkamata walimwita mwalimu.

Kitabu kilipopigwa chapa mara ya pili mwaka wa 1685, fundi wa michoro wa Amsterdam, Jan Luyken, alikitilia picha 104 zilizochorwa juu ya shaba. Katika habari ya Maeyken hakumchora mama ndani ya moto. Alichora wanawe wakiwa penye majivu, baada ya watu kutawanyika, wakiitafuta ile parafujo. Picha hiyo imejulikana sana kati ya Wamennonite wa nchi nyingi. Hata katika Tanzania liko kanisa lao; wamisionari wao wa kwanza walifika Shirati, kando ya ziwa Victoria, mwaka wa 1934.

Makanisa yaliyowatesa nayo yalikumbuka. Mwaka wa 2004 watu wa Kanisa la Reformed la Zurich waliweka jiwe la ukumbusho kando ya mto Limmat, mahali pale Felix Manz na wenzake walipozamishwa, wakakiri kwamba jambo lile lilikuwa kosa. Mwaka wa 2010 Walutheri wa ulimwengu, walipokutana Stuttgart, waliwaomba Wamennonite msamaha kwa mambo ambayo baba zao waliwatendea Waanabaptisti. Wamennonite wakawasamehe. Ilichukua miaka mingi sana. Lakini kosa likikiriwa baada ya miaka 400 na zaidi, ni heri kuliko kosa lililofichwa milele.

Wale mahakimu waliofunga ulimi wa Maeyken Wens walitaka neno lake lisisikiwe hata na watu waliosimama hatua chache mbele yake. Siku ile walifaulu. Uwanjani hakusema neno. Lakini lile alilotaka kusema alikuwa amekwisha kuliandika jana yake, kwa mtoto wake: mche Mungu, mpende baba yako, pendaneni, mpakate mdogo wako. Maneno hayo si ya uasi wala ya uzushi. Ni maneno ambayo mama yeyote angeyasema, naye aliyasema kwa gharama kubwa. Na kwa hiyo yamesomwa kwa miaka 450.